Kisaki katika Maandishi ya Wageni

Kisaki, kusini ya milima ya Uluguru, si mji mkubwa. Lakini historia yake ni nzito. Mwaka 1857 Richard Burton alifika Zungomero, katika nchi hiyo hiyo ya Wakutu. Kitabu chake cha mwaka 1860 chaieleza Zungomero kuwa ni mahali pa homa, na papo hapo chakiri kuwa palikuwa kituo kikuu cha misafara. Msomaji makini atauliza: misafara hiyo ililishwa na nani, kama si mkulima wa Kikutu? Mwandishi anamhukumu mkulima huyo, wala hampi nafasi ya kusema.

Kasoro hiyo imeingia hata katika kumbukumbu zetu. Septemba 1916 Wajerumani na majeshi ya Waingereza walipigana Kisaki. Tarehe 4 Januari 1917 Frederick Selous aliuawa Beho Beho, kusini zaidi. Kaburi lake linajulikana, na pori la akiba likapewa jina lake. Wapagazi wa Kiafrika waliokufa kwa njaa na maradhi katika vita hivyo, wengi wao hawana hata jiwe.

Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ni hatua njema. Lakini jina jipya peke yake si historia. Kisaki pana stesheni ya TAZARA, reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Mwalimu na aanzie hapo: awapeleke wanafunzi kwa wazee waliouona ujenzi huo, wayaandike masimulizi yao kabla hayajazikwa nao.