Sataranji ya Katwe

Queen of Katwe (2016), filamu ya Mira Nair, yamfuata Phiona Mutesi, binti muuza mahindi wa Katwe, Kampala, hadi Olimpiadi ya sataranji ya 2010 nchini Urusi. The Grizzlies (2018), juu ya vijana Wainuit wa Kugluktuk, Kanada, humleta mwalimu kutoka mbali. Katende wa Nair amekulia dhiki ile ile. Lakini uzito umo kwa mama, Harriet, aigizwaye na Lupita Nyong'o: achelea mwanawe asionjeshwe maisha, kisha akarudishwa topeni. Hofu hiyo mtazamaji wa Mbalizi, kandoni mwa barabara iendayo Tunduma, hahitaji kufasiriwa. Ahitajicho ni tafsiri ya maneno, kwani mama huyo, hata amkaripiapo mwanawe chumbani, hukaripia kwa Kiingereza.