Ikibuguzo kwa Fennel na LÖVE

Ikibuguzo cha Warundi ni ndugu wa bao la Waswahili, igisoro ya Rwanda na omweso wa Uganda: safu 4 za mashimo 8, kete 64, wachezaji wawili, kila mmoja na safu zake 2. Fundi wa programu wa Mutanga Nord, Bujumbura, akitaka kuuingiza mchezo huu kwenye kompyuta, hakosi vifaa vikubwa vilivyozoeleka. Jozi ya Fennel na LÖVE hutumiwa na wachache, lakini kwa mchezo wa namna hii inafaa sana.

LÖVE ni maktaba ya kutengenezea michezo, iliyotoka mwaka 2008. Mchezo wa karata Balatro wa 2024 ulijengwa juu yake. Michezo ya LÖVE huandikwa kwa Lua, lugha iliyozaliwa Rio de Janeiro, Brazili, mwaka 1993. Fennel, iliyoanzishwa na Calvin Rose mwaka 2016, ni ya ukoo wa Lisp: imejaa mabano, na hugeuzwa kuwa Lua kabla ya kutumika. Kwa hiyo kila kilichomo ndani ya LÖVE kinapatikana kwa Fennel moja kwa moja.

Ubao ni kazi nyepesi. Kila mchezaji ana orodha ya namba 16, na kila namba ni idadi ya kete shimoni. Kete huzungushwa katika safu za mwenyewe tu, hivyo baada ya shimo la 16 linafuata la 1.

Ugumu uko kwenye mwendo. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mchezaji huzoa na kuendelea. Ikiangukia tupu, hulala na zamu huisha. Kuna hata mizunguko isiyokwisha. LÖVE nayo huchora skrini upya mara nyingi kila sekunde. Zamu nzima ikiandikwa kama kitanzi kimoja, kete hufika mwisho bila kuonekana zikipita, na mzunguko usiokwisha hugandisha dirisha.

Dawa yake ni korutini ya Lua, yaani kazi inayosimama katikati na kuendelea pale ilipoishia. Fundi huandika kanuni kwa mpangilio ambao mchezaji angezieleza: zoa, dondosha moja, songa. Baada ya kila kete programu husimama kidogo, ikaamshwa tena, na jicho likafuata. Idadi ya mizunguko huwekewa kikomo.

Fennel huongeza raha nyingine: faili hupakiwa upya mchezo ukiendelea. Kanuni ya kula kete ikikosewa, hurekebishwa na ubao ukabaki ulivyo, mradi hali yake imehifadhiwa nje ya faili hiyo.

Mwishowe yaliyomo kwenye folda ya mchezo hubanwa kuwa zipu, ikapewa kiishio cha .love, na kuchezwa kwenye kompyuta yoyote yenye LÖVE. Wa kwanza kuijaribu wawe wazoefu wa ubao wa mbao, kwa kuwa kosa la kanuni hawalipitishi.