Umbo la jahazi huamuliwa mezani

Anayetaka kuunda mfano wa Victory ya Nelson, au wa Cutty Sark iliyoundwa Dumbarton mwaka 1869, sehemu kubwa ya kazi yake imeshafanywa na wengine. Ramani zipo, zimechapishwa, na madukani yanauzwa maboksi yenye vipande vilivyokwisha kukatwa. Anayetaka jahazi la Lamu hana pa kununua. Mafundi wa Matondoni na Kizingitini hurithishana vipimo kwa macho na mikono, na vyombo vyao vimeshuka majini bila karatasi. Mwenye kutaka mfano wa chombo cha namna hiyo itambidi achore ramani yake mwenyewe, na wengi wakifika hapo hufanya haraka: picha mbili tatu, mchoro wa upande mmoja, kisha msumeno. Ninachotetea hapa ni kwamba kazi ya kuunda mfano hufaulu au huharibika katika hatua hiyo wanayoiruka. Gundi inapofunguliwa, umbo la chombo limeshaamuliwa, na hakuna msasa utakaolirekebisha.

Tuchukue jahazi la mita 12 na skeli ya 1:20, ili mfano uwe na urefu wa sentimita 60. Ubao wa sentimita 3 unakuwa wa milimita moja na nusu. Aliyepima chombo chenyewe na kukosea nusu sentimita, kosa lake kwenye karatasi litakuwa robo milimita, unene wa mstari wa penseli, halionekani. Lakini aliyekosea milimita moja akichora amekosea sentimita mbili za jahazi. Kwa hiyo kupima ufukweni kunaweza kuwa kwa kawaida tu, mradi kuwe kwa utaratibu. Kuchora hakuna nafasi hiyo. Chombo hupimwa kikiwa kimepwelewa, siku za bamvua ambapo maji yanatoka mbali na kuacha mkuku wazi kwa saa kadhaa. Kamba inavutwa kutoka omo, yaani mbele ya chombo, hadi tezi, yaani nyuma yake, inasawazishwa kwa mpira wa maji kama wa waashi, na juu yake vinawekwa alama vituo, tuseme kila mita 1.2. Katika kila kituo timazi inaning'inizwa, na umbali wa mlalo kutoka uzi wa timazi hadi kwenye ubao unasomwa kila baada ya sentimita 20 za kimo. Karibu na omo na tezi vituo vinasogezwa karibu zaidi, maana huko umbo hubadilika upesi, na mita 1.2 inatosha kuficha mpindo mzima.

Kuna jambo moja la ufukweni ambalo si la kipimo bali la uamuzi. Chombo kikongwe hakina tena umbo kilichoshushwa nalo. Mkuku wake hulegea ncha ukapanda katikati, kwa kuwa omo na tezi hubebwa na maji kidogo kuliko tumbo. Ubavu wa kulia na wa kushoto navyo havilingani. Havikulingana hata siku ya kwanza, kwa sababu mataruma, zile mbavu za ndani, yalikatwa kwenye miti iliyopinda yenyewe. Mchoraji lazima aamue: anachora chombo kilivyo leo, au kilivyokuwa fundi alipokimaliza? Mimi naona vyote viwili ni halali, ila kuvichanganya si halali. Anayenyoosha mkuku akaacha mbao zikiwa zimelegea kwa namna ya mkuku uliopinda anapata chombo ambacho hakikuwahi kuwepo siku yoyote.

Sasa meza. Ramani ya chombo ina michoro mitatu: wa ubavuni, wa juu, na wa mbele unaoonyesha mikato, nusu ya kulia ikibeba mikato ya omo na nusu ya kushoto ile ya tezi. Nguvu ya mpango huu ni kwamba kila nukta ya ubavu wa chombo inaonekana katika michoro zaidi ya mmoja, na inabidi iseme jambo lile lile kila inapotokea. Upana uliosomwa kwenye mkato wa tatu, kimo cha sentimita 60, lazima uwe upana ule ule kwenye mchoro wa juu, mahali mstari wa kimo hicho unapopita kituo cha tatu. Picha moja nzuri inaweza kudanganya kwa sababu hakuna wa kuipinga. Michoro mitatu hupingana yenyewe kwa yenyewe, na mchoraji hukaa katikati yao akisuluhisha mpaka wakubaliane.

Usuluhishi huo hufanywa kwa ufito: kipande chembamba cha mti laini, kilichonyooka, kisicho na fundo, kinachopindwa juu ya nukta na kushikiliwa kwa pini au vizito vidogo. Ufito una tabia moja ya thamani kubwa: haukubali kupinda ghafla. Nukta tisa zikiwa sawa na moja imekosewa, ufito utazigusa zile tisa na kuiruka hiyo moja, na pengo litaonekana hata kama ni nusu milimita. Mchoraji asiye na subira huubana ufito kwa pini mpaka uifikie. Mwenye subira huondoa pini, huuacha ufito ukae unavyopenda, kisha huuliza nukta ile ilitoka wapi. Huenda timazi ilitikiswa na upepo. Huenda namba 47 iliandikwa 74. Au huenda chombo chenyewe kina uvimbe pale, ubao ulibadilishwa na haukukaa vizuri. Ufito hausemi ni lipi kati ya hayo, unasema tu kwamba pana neno. Jibu hutafutwa kwa kuchora mstari mwingine unaokata mikato yote kwa mshazari. Ukiwa nao unaruka mahali pale pale kwa kiasi kile kile, nukta imekosewa au ubao umevimba. Usiporuka, kosa limo katika mstari wa kwanza.

Mahali ambapo ramani nzuri nyingi huharibika ni katika kuigeuza kuwa viunzi. Mfano wa ukubwa huu kwa kawaida huundwa kwa kukata mikato ya plaiwudi, kuisimamisha juu ya mkuku, kisha kuifunika kwa mbao nyembamba. Mikato ya ramani inaonyesha nje ya chombo, kwa hiyo lazima ipunguzwe unene wa ubao. Wengi hupunguza milimita moja na nusu kuzunguka mkato wote na kuona kazi imekwisha. Katikati ya chombo hawajakosea, maana mbao pale zinakwenda sambamba na mkuku. Karibu na omo mbao zinakuja kwa mshazari kuikimbilia fashini, mti unaosimama kwenye ncha ya mkuku, na msumeno unapoukata ubao wa mshazari, uso wa mkato huwa mpana kuliko unene wa ubao wenyewe. Ubao wa milimita 1.5 uliokaa kwa pembe ya nyuzi 45 una upana wa milimita 2.1 kwenye mkato. Aliyepunguza 1.5 ameacha 0.6 za ziada kila upande, na kwenye jahazi halisi hiyo ni sentimita 1.2 kulia na nyingine 1.2 kushoto. Omo inanenepa. Mtazamaji hatajua kwa nini jahazi lile linaonekana zito mbele, lakini atahisi, na baharia wa Lamu atalisema wazi.

Pingamizi kubwa dhidi ya haya yote linatoka kwa mafundi wenyewe, na linastahili kujibiwa kwa heshima. Wao wameunda vyombo vinavyovuka bahari bila mchoro hata mmoja. Fundi husimamisha mkuku na fashini, na kutoka hapo jicho lake na mbao zenyewe ndizo zinazomwongoza. Kwa nini basi mtu wa mfano wa sentimita 60 ajifungie mezani wiki kadhaa na karatasi? Jibu liko ndani ya ule ubao. Ubao mgumu wa sentimita 3 una kauli yake. Unapopindwa kutoka katikati kwenda omo unashindana na fundi, na ukilazimishwa kupita kiasi hupasuka. Kwa hiyo mpindo wa jahazi ni mapatano kati ya nia ya fundi na uwezo wa mti, na mapatano hayo ndiyo yanayoupa ubavu wake ule ulaini tunaoupenda. Ubao wa milimita moja na nusu hauna kauli. Ukilowekwa maji ya moto unakubali kila kitu, pamoja na mipindo ambayo hakuna mti duniani ungeikubali kwa ukubwa halisi. Aliyeunda mfano kwa jicho peke yake amepoteza yule mshindani aliyekuwa akimwongoza fundi. Ufito juu ya karatasi unamrudisha mshindani huyo: unakataa mahali ambapo ubao ungekataa. Ndiyo maana siamini kwamba kuchora ni kuikana njia ya mafundi. Anayechora kwa ufito anafanya kazi yao ile ile, ila mezani, kwa sababu mbao zake zimekuwa ndogo mno kumsaidia.

Wapo watakaosema kwamba programu za kompyuta zimemaliza hoja. Zimerahisisha, kweli: zinahesabu ujazo wa chombo chini ya mstari wa maji kwa sekunde, hesabu iliyokuwa ikila siku nzima. Lakini programu itapitisha mkunjo laini kabisa katikati ya namba zilizokosewa, na skrini itang'aa. Anayeitumia bado anapaswa kukataa kubana, na kurudi kwenye daftari la ufukweni kuuliza nukta ilitoka wapi.

Umuhimu wa ramani unazidi pale chombo chenyewe kinapotoweka. Mtepe, chombo kile cha kushonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, chenye tanga la mraba la mkeka, ulikuwa ukisafiri katika visiwa vya Lamu hadi miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Leo hakuna hata mmoja wa asili wa kupimwa. James Hornell aliuandika mwaka 1941, A.H.J. Prins akaufuatilia baadaye, na Makumbusho ya Lamu yana mifano yake. Hata hivyo mfano usio na ramani yake ni shahidi asiyeweza kuhojiwa: hujui kama upana wa omo yake ulipimwa, au ni plaiwudi iliyopunguzwa vibaya. Tofauti inaonekana ukimtazama Edmond Pâris, mwanamaji wa Ufaransa aliyevipima na kuvichora vyombo vya wenyeji katika bandari alizopita akiizunguka dunia, na kuchapisha michoro hiyo kati ya 1841 na 1843. Mwaka 1871 alikabidhiwa makumbusho ya bahari mjini Paris, na huko akaagiza mifano iundwe kutokana na ramani zake mwenyewe. Vyombo vingi alivyovichora havipo tena. Mifano ile bado inaweza kusahihishwa, kwa sababu mistari iliyoizaa ipo pembeni yake.

Anayechora kwa ajili ya kumbukumbu ya namna hiyo ana wajibu mmoja zaidi, na ni rahisi kuutimiza: mstari uliopimwa uchorwe mfululizo, na uliokisiwa uchorwe kwa vidoti. Kwenye mtepe vidoti vitakuwa vingi. Kwenye jahazi lililopimwa ufukweni vitabaki labda ndani ya ngama, ambako farumi, ule uzito wa kukituliza chombo, huzuia mtu kufika, na sehemu ya mkuku iliyozama mchangani.

Limebaki swali la wanaotaka mfano wao uende baharini, na hapa hata ramani sahihi kabisa itawaangusha wasipoielewa. Kila urefu ukigawanywa kwa 20, eneo la tanga linagawanywa kwa 400 na uzito kwa 8,000. Jahazi la tani 16 linatoa mfano wa kilo 2. Nguvu ya upepo ya kulilaza jahazi inategemea eneo la tanga na kimo chake, kwa hiyo inapungua mara 8,000. Nguvu ya kulisimamisha inategemea uzito na upana, nayo inapungua mara 160,000. Katika upepo ule ule, mfano ni mwepesi kulala mara 20 kuliko mama yake. Kwa namna nyingine, kusi ya noti 18, ambayo nahodha angeifurahia, mfano unaipokea kama upepo wa noti 80. Kuongeza mawe tumboni hakutoshi, maana kunauzamisha mfano chini ya mstari wake kabla ya kuuimarisha. Wengine hupanua tumbo au hupunguza tanga kwenye ramani, na hapo wameacha kuunda jahazi. Njia iliyo safi ni kuliacha umbo kama lilivyopimwa na kuchora, kwa wino wa rangi nyingine, pezi la kuchomekwa chini ya mkuku lenye risasi kwenye ncha, lichomolewe mfano unaporudi kabatini. Uzito wa risasi hiyo utolewe kwenye zile kilo 2, ili mfano uelee pale pale penye mstari wa maji. Mbao, mlingoti, foromali na tanga lazima basi vitoshe katika uzito unaobaki, na hesabu hiyo nayo hufanywa kabla ya kununua mbao.