Dawa Inayobaki Ndani ya Pete

Pete ya ukeni ya kuzuia mimba aina ya NuvaRing hutoka kiwandani ikiwa na miligramu 11.7 za etonogestreli na miligramu 2.7 za ethinilestradioli. Kwa siku hutoa wastani wa miligramu 0.120 za homoni ya kwanza na 0.015 za ile ya pili. Zidisha mara siku 21 ambazo pete hukaa mwilini: etonogestreli iliyotoka haifiki hata miligramu 2.6. Zaidi ya robo tatu ya dawa hutupwa pamoja na pete. Mhasibu angeona hasara. Mimi naona hapo ndipo ulipo ufundi wenyewe, na masharti mengi ya kuitunza na kuitumia pete hii yanaanzia hapo.

Umbo lake ni uzi wa plastiki wenye unene wa milimita 4, ulioungwa ncha kwa ncha ukawa duara lenye kipenyo cha milimita 54. Plastiki hiyo, ethilini vinili asetati, ndiyo pia hubeba etonogestreli katika kijiti cha Implanon ambacho wanawake wengi wa Afrika Mashariki wamewekewa mkononi. Ndani kuna kiini kilichojaa homoni. Nje kuna ngozi nyembamba ya plastiki ya jamii hiyohiyo, ila imebana zaidi. Homoni hupenya ngozi hiyo polepole, ikitoka palipojaa kwenda palipopungua. Tangi la maji juu ya paa hufanya hivyohivyo: maji yakipungua kidogo tu, bomba la chini halibadili kasi, lakini tangi likikaribia kukauka maji huanza kuchuruzika. Dawa inayobaki ndiyo inayoisukuma ile inayotoka, na kwa sababu hiyo kiwango cha siku ya 20 hakiachani sana na cha siku ya 10.

Kwa hiyo aliyesahau kuitoa siku ya 21 asihamaki. Maelezo ya dawa yanasema kinga inaendelea hadi wiki 4 kamili. Zikipita hapo, ahakikishe kwanza kwamba hana mimba, kisha aweke pete mpya na kutumia kondomu kwa siku 7. Hatari kubwa zaidi iko upande ambao wengi hawauangalii: siku 7 za kukaa bila pete, kati ya kutoa moja na kuweka nyingine. Katika siku hizo damu hutoka, homoni zinashuka, na ovari huanza kuamka. Siku ya nane bila pete inanitia wasiwasi kuliko siku ya 25 ukiwa nayo. Pete mpya iingie siku ileile ya wiki, karibu saa ileile, hata kama damu haijakatika. Ukichelewa, kondomu siku 7.

Kuhusu mahali inapokaa, wasiwasi ni mwingi kuliko sababu. Pete haizibi mlango wa kizazi. Homoni hupita kwenye utando wa uke na kuingia kwenye damu popote pete ilipolala. Nawa mikono, ibane iwe nyembamba, isukume ndani hadi usiihisi. Ikikusumbua, isogeze ndani zaidi. Haiwezi kupotelea tumboni, kwa kuwa mlango wa kizazi hauipitishi.

Ikichomoka, ioshe kwa maji baridi au vuguvugu na uirudishe kabla ya saa 3 kupita. Zikipita, na uko wiki ya kwanza au ya pili, irudishe hivyohivyo halafu ongeza kondomu kwa siku 7. Katika wiki ya tatu pete hiyo hairudishwi tena. Tupa, kisha mwulize mhudumu kama uanze mpya papo hapo au usubiri damu.

Maji ya moto hayafai kwa sababu joto huchochea dawa kuhama ndani ya plastiki kabla ya wakati wake. Ndiyo maana duka la dawa huihifadhi kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Ikishamfikia mtumiaji ina miezi 4, katika joto la nyuzi 25 hivi, isiyozidi 30, mbali na jua. Sharti hilo ni jepesi Amsterdam. Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, droo ya chumbani yaweza kulivunja kabla ya saa sita mchana, sembuse mkoba ulioachwa garini. Mwenye friji aitumie.

Pete iliyokwisha kazi irudishwe kwenye pakiti yake ya karatasi ya fedha, kisha itupwe kwenye taka, mbali na watoto. Isitupwe chooni, maana bado imebeba homoni nyingi.

Masharti haya yasihamishiwe pete nyingine. Annovera, iliyobuniwa na Population Council na kuidhinishwa Marekani mwaka 2018, ni ya silikoni, haihitaji friji, huoshwa kwa sabuni laini na kurudiwa kwa mizunguko 13. Lakini muda wake wa kukaa nje ni saa 2 tu. Pete ya dapivirini, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021, hupunguza hatari ya VVU na haizuii mimba kabisa. NuvaRing, kwa upande wake, haizuii VVU.

Pete yenye estrojeni, NuvaRing ikiwemo, haimfai aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa, mwenye shinikizo la juu la damu, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, wala mvutaji sigara aliyefikisha miaka 35.

Jambo linalowapotosha hata wahudumu ni ini. Pete hukwepa tumbo, kwa hiyo kutapika na kuharisha, vinavyoharibu kazi ya vidonge vya majira, haviigusi. Wengine huhitimisha kwamba basi dawa nyingine haziiathiri. Lakini damu iliyobeba homoni hupita kwenye ini vilevile, na ini lililochochewa na dawa huzivunja upesi. Utafiti kwa wanawake wanaotumia efavirenzi ya VVU ulikuta etonogestreli kutoka kwenye pete ikiwa imeshuka kwa karibu asilimia 80. Rifampisini ya kifua kikuu na karbamazepini ya kifafa nazo huchochea ini namna hiyo. Mwanamke anayemeza mojawapo ya dawa hizi amwambie mhudumu kabla ya kupewa pete. Kitanzi cha shaba, kisicho na homoni ya kuvunjwa, kitamfaa zaidi.