Mizani ni ya Nani?

Sinema ya Luchino Visconti, "La terra trema" (1948), imechezwa na wavuvi wenyewe wa Aci Trezza, Sicilia, kwa lugha yao. Usiku wanavuja jasho baharini. Asubuhi matajiri wenye mashua na mizani wanapanga bei. Kijana 'Ntoni anaitupa mizani baharini. Wavuvi wanatiwa ndani, lakini matajiri hao hao wanawatoa, maana bila wavuvi hakuna samaki.

Hapo ndipo nguvu ya wavuvi ilipo, na 'Ntoni haitumii. Badala ya kuwaita wenzake wakatae bei kwa sauti moja, anawataka waweke nyumba rehani wajitegemee. Wanaogopa, familia yake inabaki peke yake. Dhoruba inaivunja mashua, na dagaa wao wa chumvi wanauzwa kwa bei ya tajiri.

Kasoro ya sinema ni kwamba inaonyesha kushindwa kwa ufasaha, lakini umoja inautaja tu mwishoni. Hata hivyo funzo ni wazi: mvuvi mmoja mwenye mashua bado atapangiwa bei, wavuvi wote pamoja, hata wasio na mashua, wanaweza kuidai.