Mpagazi wa Barabarani: Uhakiki wa Vitabu Viwili vya Mbio za Baiskeli

Ipo dhana, iliyozoeleka hata miongoni mwa wasomi, kwamba kitabu cha michezo si kazi ya fasihi bali ni habari ya gazeti iliyorefushwa. Makala haya yanakusudia kuipima dhana hiyo kwa kuvitazama vitabu viwili vya Kiingereza juu ya mbio za baiskeli za barabarani: The Climb (2014), tawasifu ya Chris Froome aliyoiandika pamoja na David Walsh, na Land of Second Chances (2013) cha Tim Lewis, kinachosimulia habari za timu ya Rwanda. Msomaji anayezingatiwa ni yule wa Migori na Homa Bay, ambako baiskeli, au ndiga kwa Kijaluo, ilikuwa chombo cha kazi kabla ya kufikiriwa kuwa chombo cha mashindano.

Kwa umbo, vitabu hivi si vigeni katika Kiswahili. Tawasifu ya Tippu Tip na Safari za Wasuaheli, zilizokusanywa na Velten, zimejengwa juu ya njia: mtu huondoka, hutaabika, hufika. Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, aliifuata njia kama hiyo. Alifunzwa na David Kinjah huko Kikuyu. Mwaka 2006 alimgonga msimamizi mara tu baada ya kuanza mbio za dunia mjini Salzburg. Na mwaka 2013 aliingia Paris akiwa mshindi wa Tour de France.

Hata hivyo, kiini cha tawasifu yake hakimo katika ushindi huo. Kimo katika mwaka 2012, kwenye mlima wa La Toussuire, alipomwacha nyuma kiongozi wake, Bradley Wiggins, kisha akaagizwa kwa redio amngoje. Wiggins alishinda mbio, Froome akawa wa pili. Wafaransa humwita mwendeshaji wa namna hii domestique, yaani mtumishi wa nyumbani. Kazi yake ni kumkingia mwenzake upepo, kumletea maji, na hata kumpa gurudumu lake apatapo pancha.

Je, Kiswahili kimwiteje? Neno “msaidizi” limepoa mno, kwani linaficha daraja. “Mtumishi” linaonyesha daraja lakini halina barabara ndani yake. Neno linalofaa zaidi ni “mpagazi”. Neno hili linabeba pamoja mzigo, safari na ujira. Tena linakumbusha kwamba katika masimulizi ya Tippu Tip wapagazi huhesabiwa zaidi ya kutajwa majina. Ubora wa The Climb ni kwamba humo mpagazi amepata kusema. Upungufu wake ni kwamba aliyesema ni yule aliyekwisha kuwa bwana. Mwaka 2013, kwenye Alpe d'Huez, Richie Porte ndiye aliyemfuatia Froome chakula alipoishiwa nguvu, na wote wawili wakaadhibiwa sekunde 20. Safari hiyo ingesimuliwa na Porte, ingekuwa na sura nyingine.

Lewis ana jicho pana zaidi. Anamsimulia Adrien Niyonshuti, aliyefiwa na ndugu katika mauaji ya kimbari ya 1994 na kushiriki Olimpiki ya London mwaka 2012. Wala hafichi madoa ya kocha Jock Boyer. Lakini katika kitabu chake pia baiskeli ya kazi huelekea kuwa mwanzo tu, ngazi ya kufikia mbio, kana kwamba kubeba magunia hakuna maana mpaka kuzae mshindi.

Hapa ndipo msomaji wa Migori na Homa Bay anapokuwa mhakiki bora. Kabla pikipiki hazijaitwaa kazi ya boda boda, mwendeshaji aliyepanda kutoka ufukoni kuelekea Rongo, abiria au samaki wakiwa kwenye keria, alijua upepo, mlima na uzito wa mtu mwingine. Huenda ikapingwa kwamba mwanamichezo amechagua taabu yake, ilhali wa boda amesukumwa na njaa. Pingamizi hilo lina uzito, lakini halitoshi: wote wawili wanakodisha miguu yao. Tofauti ni kwamba wa boda alipatana nauli na abiria wake, na hakuna aliyemwambia kuwa utii wake ni fahari.

Kwa hiyo, kutafsiri vitabu hivi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuyakusanya masimulizi ya waendeshaji wazee wenyewe, nayo iko karibu na vyuo vikuu vya Rongo na Tom Mboya. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Fasihi ya barabara itakomaa siku kanda hilo litakapopimwa na aliyelibeba.