Kiambishi Kinachohadaa: "Flammable" na "Inflammable" katika Tafsiri Zetu

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayoshabihiana kwa sura, yapo yanayoonekana ndugu ilhali maana zao ni mbalimbali, na yapo yanayoonekana mahasimu ilhali maana yao ni moja. Hilo kundi la pili halijashughulikiwa vya kutosha, nalo ndilo la hatari zaidi, kwa sababu kosa lake halijitangazi. Tafsiri husomeka vizuri, sarufi haina dosari, lakini maana imepinduliwa.

Mfano ulio mbaya kuliko yote ni "flammable" na "inflammable". Katika rasimu tunazozipitia, hasa za maelekezo ya usalama maghalani na viwandani, tumelikuta hilo la pili limefasiriwa "kisichoshika moto". Twaelewa mfasiri alikopitia. Alifundishwa kwamba "visible" ni kionekanacho na "invisible" ni kisichoonekana. Basi akachukua "-sio-" yake na kuipachika. Lakini "in-" ya Kilatini ni mbili zenye sura moja: moja hukanusha, nyingine huonyesha kutia au kuingiza. "Inflammable" limetokana na kitenzi "inflammare", yaani kuwasha au kutia moto. Kwa hiyo maneno yote mawili husema jambo moja tu: kitu hiki ni chepesi kushika moto. Anayetaka kukanusha husema "non-flammable". Mfanyakazi atakayesoma kwenye pipa kwamba kilichomo hakishiki moto, kisha akachomelea chuma kando yake, hatakuwa na kosa lolote. Atakuwa ameamini maandishi.

Wenye lugha wenyewe waliuona mtego huu. Katika miaka ya 1920 Chama cha Kitaifa cha Kinga ya Moto cha Marekani kilihimiza watu watumie "flammable", kwa kuhofia kwamba msomaji angeidhania "in-" kuwa ya kukanusha. Mwaka 1959 Taasisi ya Viwango ya Uingereza nayo ilipendekeza vivyo hivyo. Umoja wa Mataifa, katika orodha yake ya shehena za hatari, huviita vimiminika vya daraja la 3 "flammable". Hata hivyo neno la zamani halikufa. Lingalimo katika sheria za kale, vitabu vya mafundi na vibandiko vya mitambo. Katika Kifaransa "inflammable" ndilo neno la kawaida na kinyume chake ni "ininflammable", hivyo mfasiri wa Bujumbura au Lubumbashi ana kinga ambayo mwenzake wa Dar es Salaam au Nairobi hana.

Wala tusiwacheke Waingereza kwa lugha yao. Mgeni anayejifunza Kiswahili huambiwa kwamba "-ua" hutendua: funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua. Akiishika kanuni hiyo kwa mikono miwili ataanza kuuliza "kusumba" ni kufanya nini, maadamu kuna kusumbua. Twamsahihisha kwa tabasamu, kisha twarudi mezani kufanya kosa lilelile katika lugha yake.

Wapo waliokwepa mtego huu wakaangukia mwingine, kwa kuandika "kinacholipuka". Hilo ni neno la baruti, nazo ziko katika daraja la 1 la orodha hiyohiyo. Tena lipo "combustible", ambalo wengi hulichanganya na haya mawili. Kwa miaka mingi kanuni za moto za Marekani ziliweka mpaka wa nyuzi 37.8 za Selsiasi: kimiminika ambacho mvuke wake hudaka moto chini ya joto hilo kiliitwa "flammable", na kinachohitaji joto hilo au zaidi kiliitwa "combustible". Umoja wa Mataifa, kwa usafirishaji, huweka mpaka wa daraja lake la 3 kwenye nyuzi 60. Kwa hiyo mfasiri hana budi kuuliza kwanza matini yake yafuata kanuni ipi. Tofauti yenyewe si ngeni kwetu: petroli hudaka moto hata katika nyuzi 40 chini ya sifuri, mafuta ya taa sivyo, na kila nyumba iliyopata kuuziwa mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli yajua taa ilifanya nini.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kutenga haya. Kushika moto ni mwanzo wa tendo. Kuungua ni hali ya kuliwa na moto. Twapendekeza "-epesi kushika moto" kwa "flammable" na "inflammable" pia, bila kutofautisha, na "-a kuweza kuungua" kwa "combustible". Watakaosema kwamba mapendekezo haya ni marefu kwa istilahi wana haki, lakini hatujaona fupi lisilopoteza kitu.

Kwa watumishi wa ofisi tuongeze neno moja tu. "Disinterested" si "asiyejali". Huyo ni "uninterested". Mjumbe wa kamati ya zabuni atakiwaye kuwa "disinterested" ni yule asiye na maslahi yake katika shauri lile, na kumwandikia kwamba asijali ni kumruhusu asinzie kikaoni.

Kwenye pipa, gari au mlango wa ghala, pasipo nafasi ya maelezo, inatosha kuandika: HATARI. HUSHIKA MOTO UPESI.